Nyapara Asiye na Mtani

Siku Polycarp alipopewa unyapara alikuja kazini na tai. Tai, jamani, kwenye karakana ya magodoro ya sufi! Anayeijua sufi anajua kwamba haina adabu. Inaingia puani, inaingia kwenye chai, inakaa juu ya nyusi mpaka vijana wote wanaonekana vikongwe. Kufika saa tatu ile tai ilikuwa imeota manyoya, na mwenyewe anaifuta, anaifuta, nasi tunashona huku tumebana vicheko kwa meno.

Mimi naitwa Binti Bakili, Mzaramo wa Buguruni, mshonaji wa magodoro. Katika karakana ile ya Mtaa wa Kongo, pale Kariakoo, nilikwisha kuwaona wanyapara wa kila namna, na wote walikuwa ndugu zake Bwana Jitendra mwenye mali: leo shemeji, kesho binamu, kesho kutwa mtoto wa shangazi. Polycarp ndiye Mwafrika wa kwanza. Alikuwa kijana wa Kichaga kutoka Kibosho, alikuja Dar es Salaam akaanza kwa kupanga marobota ya vitambaa stoo, na akayapanga vizuri mpaka macho ya tajiri yakamwangukia.

Siku hiyo, Jumatatu, Bwana Jitendra alisimama katikati yetu, mikono nyuma.

"Harshida wangu anaolewa," alisema. Harshida ni binti yake wa pekee. "Jumamosi asubuhi ukoo mzima wa bwana harusi unashuka melini kutoka Unguja. Watalala kwangu Mchafukoge, chini, juu ya magodoro mapya, ndiyo desturi yetu. Magodoro yakiwa tayari na mazuri, Polycarp ni nyapara wangu. Yasipokuwa tayari, namleta mpwa wangu Praful kutoka Tanga, na nafasi hii simpi tena mtu wenu. Msiseme sikuwajaribu."

Akaenda zake. Polycarp akatoa filimbi mpya mfukoni, akaipuliza. Hakuna aliyejua filimbi ile inataka nini, maana kazi tulikuwa tumekwisha kuianza. Lakini nilimwonea huruma, na huruma yenyewe ilikuwa na ubinafsi ndani yake, maana akianguka yeye tumeanguka sote.

Sasa nikueleze kazi yenyewe. Sufi ikija kwenye magunia inakuwa imeshikana. Lazima ipigwe fimbo mpaka ifumuke, iwe laini, ndipo sisi washonaji tuijaze kwenye kitambaa cha mistari na kuishona kwa shazia, lile lisindano refu. Wapiga fimbo wetu wakubwa walikuwa wawili: Shaibu, Mzaramo mwenzangu, na Pantaleo, Mnyamwezi wa Tabora. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, hilo hata mtoto wa juzi anajua. Hawa wawili walipanda juu ya lundo la sufi, mmoja huku, mmoja kule, na kila fimbo ilishuka na tusi lake.

"Piga, mtumwa wangu!" Shaibu angesema. "Babu yako alikuja pwani na pembe ya ndovu kichwani. Wewe umekuja na kichwa kitupu!" Pa!

"Na babu yako nilimkuta amelala chini ya mnazi," Pantaleo angejibu, "anangoja nazi imwangukie apate kitoweo!" Pa!

Tusi, fimbo. Jibu, fimbo. Na sisi wengine tukicheka, shazia zikienda kwa mwendo huohuo. Siku inakwisha hujui imepita wapi.

Jumanne Pantaleo akaja na viatu vipya. Vya ngozi, vyekundu kidogo, vinalia kila akikanyaga. Mtu anayemjua mtani wake hapiti mbele yake na kitu kipya kama hataki kiguswe, na Pantaleo alipita mbele ya Shaibu mara tatu. Mara ya tatu alikohoa. Kisha akavivua, akaviweka mlangoni mahali pa wazi kabisa, akapanda juu ya sufi pekupeku.

Aliposhuka, viatu hakuna. Kutazama barazani, Shaibu anatembea navyo huku na huko, vinampwaya, amebenua kifua, anaamkia wapita njia.

"Ukombozi!" alipiga kelele Shaibu. "Kahawa na kashata kwa karakana nzima, au viatu hivi vinahamia Uzaramoni!"

"Kashata?" alijibu Pantaleo, uso umemjaa furaha. "Kwa watu wenye meno kama yenu? Nawapa kahawa tupu, tena ya baridi!"

Ndiyo kwanza mambo yanakolea, filimbi ikalia. Polycarp huyo, anatoka stoo mbio, tai begani.

"Kuna nini? Nani kaiba viatu?"

"Mimi," alisema Shaibu kwa majivuno. "Nimeiba mimi mwenyewe."

Lo! Nikaufunika uso kwa kitambaa cha godoro. Polycarp alimtazama Shaibu, akavitazama viatu, akatutazama sisi tuliokuwa tunamtazama yeye. Nadhani alihesabu kwamba siku yake ya pili tu ana mwizi aliyekiri mbele ya mashahidi, na nyapara wa kweli ni lazima afanye jambo. Basi akafanya. Akamwamuru Shaibu avue, arudishe, aombe radhi, wapeane mikono. Kisha akatangaza: matusi marufuku, kugusa kitu cha mwenzako marufuku, Shaibu atapigia sufi mbele na Pantaleo atapigia uani.

Shaibu akavua, akaenda zake mbele na fimbo. Aliyeumia ni Pantaleo. Alisimama pale na viatu mkononi kama mtu aliyerudishiwa posa.

"Nimekosa nini mimi?" aliniuliza. "Viatu vyangu vimerudishwa bure. Bure, Binti Bakili! Havikukombolewa hata kwa kikombe kimoja. Nitamwambia nini mke wangu?"

Kuanzia hapo karakana ikawa na kimya ambacho sijapata kukisikia hata msikitini. Unasikia shazia inavyopenya kitambaa. Unasikia nzi. Shaibu mbele anapiga fimbo moja, anasimama, anakuna kichwa. Pantaleo uani anapiga mbili, anatazama ukuta. Sufi ikatoka na mabonge, na mabonge yakaingia kwenye magodoro, kwani tungefanyaje?

Polycarp aliona kazi inazorota, akadhani dawa ni kuifanya yeye. Jumatano alikuwa kila mahali. Alipanda juu ya lundo akapiga fimbo mpaka akapotea ndani ya wingu, akabaki kupiga chafya tu. Akashuka, akataka kupuliza filimbi, na filimbi imejaa sufi. Ikatoa sauti ya kuku mwenye kikohozi. Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumekatazwa karibu kila kitu, tukaona na kicheko tukiweke akiba.

Halafu akachukua shazia, akaja kuketi karibu nami ashone. Alishona kwa bidii, Mungu ni shahidi, ameinama, ulimi nje. Alipotaka kusimama, hakuweza. Alikuwa ameshona tai yake pamoja na godoro.

"Mama," aliniita kwa sauti ya chini, pua inagusa kitambaa. "Mama, njoo. Polepole. Usicheke."

"Sicheki, baba," nikasema, na machozi yananitiririka.

Nikaanza kumfumua, uzi mmoja mmoja, na makusudi sikufanya haraka, maana nyapara aliyeshonwa ana muda wa kusikiliza.

"Baba," nikamwambia, "Shaibu na Pantaleo ni watani."

"Najua utani, Mama. Kwetu tuna Wapare. Nikiwa mdogo Mpare mmoja alimchukua mbuzi wetu mchana kweupe, na baba yangu akamkimbiza huku anacheka mpaka akaanguka." Akajaribu kuvuta tai, ikagoma. "Lakini yale ni ya nyumbani. Hapa ni kazini. Nyapara akicheka, nani atamwogopa?"

"Na unaogopwa sasa?"

Sikio lake moja nililoliona lilikuwa jekundu.

"Usiku silali," alisema baadaye. "Nikishindwa mimi, Praful atakaa hapa, na baada ya Praful mwingine wa kwao, na sisi tutabaki na marobota. Ninyi mna watani wenyewe kwa wenyewe. Mimi pwani nzima hii sina mtani hata mmoja."

Nilitaka kumjibu, lakini uzi wa mwisho ukakatika na mlangoni akaingia Bwana Jitendra. Alikwenda moja kwa moja kwenye magodoro yaliyo tayari, akalikandamiza la juu kwa kiganja, kisha kwa viganja viwili.

"Hili ni godoro au gunia la viazi?" aliuliza. "Mama mkwe wa binti yangu alale juu ya viazi? Nimemwambia Praful afunge mzigo."

Alhamisi asubuhi hata Polycarp alikuwa amepoteza ari. Tai alifunga, lakini filimbi aliiacha mfukoni. Ndipo rikwama la magunia ya sufi likaingia, linasukumwa na mtu mfupi mpana ambaye hatujapata kumwona. Alikuwa anaitwa Mbaruku, Mpare wa Usangi, mpya mjini, akibeba mizigo kutoka stesheni. Alishusha gunia la kwanza, akafuta jasho, akauliza nani atapokea mzigo.

"Mimi, nyapara," alisema Polycarp. "Polycarp, kutoka Kibosho."

Mbaruku alimwangalia kuanzia viatu mpaka tai. Meno yote yakatoka nje.

"Mchaga!" alipiga ukelele. "Haki ya Mungu, Mchaga! Wameishiwa watu hapa mjini mpaka wakampa unyapara mgomba? Na hii kamba ya shingoni, wamekufunga usirudi Kibosho kula ndizi mbichi?"

Akamkamata tai, akaivuta, ikatoka, akaivaa yeye. Kabla hatujavuta pumzi akatia mkono mfukoni mwa nyapara, akachomoa filimbi, akaipuliza mpaka pembeni mwa barabara watu wakasimama.

Shazia zote zikasimama hewani. Mwenzangu mmoja akasema kwa kunong'ona, "Leo mtu anafungwa."

Uso wa Polycarp uliwaka. Midomo ikatetemeka. Nilidhani analia. Kumbe ni kicheko kinatafuta njia, na kilipoipata kilitoka kwa nguvu mpaka sufi ikaruka.

"Mpare!" alinguruma. "Nirudishie, mla makande! Nyinyi mnauza ng'ombe mpate kushtakiana kuku, leo umeniibia tai, utauza nini ukashtakiwe?"

Akamkimbiza. Walizunguka magunia, wakaruka lundo, wakapita uani na kurudi, Mbaruku anapuliza filimbi, Polycarp anatukana ukoo wote wa Usangi, na shati limemtoka suruali. Mwishowe wakaanguka wote wawili ndani ya sufi, hawaonekani, zinasikika pumzi tu na kicheko.

Polycarp alipoinuka, mweupe mwili mzima, akatukuta tumesimama tunamtazama. Shaibu akasogea hatua moja mbele, mikono amefumbata, uso mkavu.

"Bwana nyapara," alisema kwa heshima kubwa, "huyu mwizi tumfanyeje? Aombe radhi, au aende kupigia sufi uani?"

Polycarp alimtazama Shaibu. Kisha akamtazama Pantaleo, aliyekuwa ametokea mlangoni na viatu vyake vyekundu, ambavyo tangu Jumanne alivivaa bila raha. Niliona jambo likimwingia kijana yule, polepole, mpaka likafika.

"Pantaleo," alisema, "vua viatu."

"Bwana?"

"Vua, nimesema."

Pantaleo akavua. Polycarp akaviokota, akatembea navyo mpaka mbele ya Shaibu, akavikabidhi kwa mikono miwili.

"Nilikosea," alisema. "Hivi havikukombolewa. Endeleeni mlipoishia."

Sijui nikueleze vipi kelele iliyotokea. Pantaleo aliruka juu, akapiga makofi ya furaha, akaanza papo hapo: "Mtumwa wangu! Mwizi mwana wa mwizi!" Na Shaibu keshavivaa, keshafika barazani, anadai kashata. Muuza kahawa akaitwa, tukanywa, na Pantaleo alilipa akiwa amesimama wima, kifua mbele, kila mtu amwone. Mimi nililia. Sioni haya kusema, nililia kwa raha.

Polycarp akawarudisha wote wawili juu ya lundo moja. Kisha akaja kwangu na kwa washonaji wengine, akauliza, hakuamuru, tukiachiwa wenyewe tungejigawaje. Tukamwambia: Wazaramo na ndugu zetu wa pwani upande huu, watu wa bara upande ule, na upande utakaoshindwa utatukanwa mpaka Iddi. Akasema haya. Magodoro yenye mabonge tukayafumua yote, tena kwa nyimbo. Mbaruku naye akaambiwa aache rikwama, abaki.

"Nibaki nifanye nini?" aliuliza.

"Ubebe magunia," alisema Polycarp. "Na ukiniona nimevimba kichwa, ufanye kazi yako nyingine."

Aliifanya, tena kwa moyo wote. Kila Polycarp alipoanza kutoa amri ndefu, sauti ilitoka nyuma ya magunia: "Ndizi inahutubia!" Naye anacheka, anafupisha amri, kazi inakwenda. Pa! Tusi. Pa! Jibu. Sufi ilitoka laini mpaka unaogopa kuishika. Hata tai ilipata kazi: tuliikata vipande tukafungia vitita vya uzi.

Ijumaa, wanaume walipotoka kuswali, magodoro yalikuwa yamepangwa kufika karibu na dari, na Mbaruku juu kabisa, filimbi mdomoni, anamwigiza nyapara. "Mimi Polycarp wa Kibosho!" alisema huku amebinua kidevu. "Marufuku kupumua! Marufuku nzi kupita bila ruhusa!" Sisi chini tumelaliana kwa kicheko, na Polycarp mwenyewe ameshika mbavu. Ndipo Bwana Jitendra akaingia.

Kicheko kikafa. Alilikandamiza godoro moja. Mkono ukazama, ukainuka taratibu. Akajaribu la pili. Aliridhika, tuliona. Lakini macho yalikuwa kwa Mbaruku.

"Huyu ni nani?"

"Mbeba magunia, bwana," alisema Polycarp.

"Na anakuchezea mbele ya watu wako? Magodoro mazuri, sikatai. Lakini nyapara anayetukanwa na mbeba magunia, kesho nani atamsikiliza?" Akanyoosha kidole juu. "Mfukuze. Sasa hivi, nikiona. Ukimfukuza, unyapara wako. Usipomfukuza, Jumatatu Praful yuko hapa."

Mbaruku aliitoa filimbi mdomoni. Moyo wangu ulikuwa unapiga fimbo peke yake. Jamani, kitu chenyewe ni neno moja! Na mtu mwenyewe ni mgeni wa juzi, hana hata siku mbili nasi, nani angemlaumu?

Polycarp alikunja mikono ya shati, akaikunjua.

"Siwezi, bwana," alisema. "Huyu ni mtani wangu. Magodoro haya yamepatikana kwa sababu yake. Kesho tutakuletea yote kabla meli haijafunga gati, na Jumatatu nitarudi kwenye marobota."

Bwana Jitendra alitikisa kichwa, akaondoka. Shaibu peke yake alikuwa anamtazama Polycarp kwa namna ya kumpima, kisha akatazama chini, kwenye viatu vyake. Viatu vya Polycarp vilikuwa vyeusi, vya kufunga kamba, vimepigwa rangi mpaka vinaonyesha dari.

Jumamosi tuliamkia barabarani. Marikwama yakashuka Mtaa wa Kichwele yamejaa magodoro ya mistari, Mbaruku mbele anapiga filimbi kama mkuu wa bendi, sisi wanawake nyuma tunaimba na kupiga vigelegele, na watu wakitoka madukani wakidhani bibi harusi ndiye anayepita. Hata Polycarp aliimba. Alikwisha kupoteza cheo, sijui raha ile aliitoa wapi.

Nyumbani kwa Bwana Jitendra, Mchafukoge, mlango ulikuwa umepambwa kwa majani ya mwembe na maua ya manjano, na harufu ya samli inashuka ngazini. Tukavua viatu mlangoni, tukapandisha magodoro ghorofani. Kamla, mke wa Bwana Jitendra, alisimama juu ya ngazi akielekeza kila godoro chumba chake. Aliketi juu ya la kwanza, akadunda kidogo, akacheka peke yake. La mwisho likaingia, na bandarini honi ya meli ikalia.

Tukashuka. Kila mtu akavaa. Polycarp akatazama huku, akatazama kule.

"Viatu vyangu," alisema.

Bwana Jitendra alikuwa mlangoni anangoja wageni, kanzu yake ndefu ya harusi tayari. Akavimba palepale. "Mwizi? Katika nyumba yangu, siku ya wakwe? Nani ameiba? Naita polisi!"

"Mimi!" ilijibu sauti kutoka ng'ambo ya barabara. "Nimeiba mimi mwenyewe!"

Shaibu! Amevaa viatu vyeusi vya kufunga kamba, anatembea mbele ya maduka huku na huko, kifua nje, anaamkia watu. Nikashika kichwa. Mzaramo na Mchaga si watani, tangu dunia iumbwe hawajawa watani. Alichokifanya Shaibu, kwa sheria yoyote ile, ni wizi, isipokuwa mwenye viatu akikubali kuwa si wizi. Na tajiri anangoja, na askari yuko pale pembeni tu.

Polycarp alisimama pekupeku juu ya kizingiti. Kisha akaweka mikono mdomoni, akapiga kelele mpaka njiwa wakaruka.

"Wee Mzaramo! Mla nazi! Mtumwa wangu! Viatu hivyo vimezoea mlima, wewe na miguu yako ya mchangani utavipeleka wapi?"

Karakana nzima ikalipuka. Shaibu aliruka juu kwa furaha, viatu na yeye. "Ukombozi!" alijibu. "Kahawa na kashata, mgomba wee, au vinahamia Uzaramoni!"

"Wewe unaibiwa na unacheka?" Bwana Jitendra aliuliza, amechanganyikiwa kabisa.

"Bwana," alisema Polycarp, machozi yanamshuka na anacheka, "pwani hii nilikuwa sina mtu wa kuniibia."

Ndipo tukasikia kicheko kutoka juu. Bi Kamla alikuwa ameegemea kwenye roshani, ameshika mdomo kwa ncha ya sari.

"Baba Harshida!" alimwita mumewe. "Siku ya harusi yetu dada zangu walipokuibia viatu, uliita polisi?"

"Ile ilikuwa harusi," alisema Bwana Jitendra.

"Uliwabembeleza kwa sanduku zima la peremende. Na kesho mkwe wetu ataibiwa vyake na binamu zake Harshida, wamekwisha kupanga njama jikoni. Utawafunga wote? Mtu unamwibia viatu unapomtaka awe wako. Mwache kijana wa watu. Njoo ulalie godoro lake uone."

Bwana Jitendra alitazama juu, akatazama ng'ambo ya barabara, akatazama miguu ya Polycarp. Masharubu yakaanza kucheza. Alijitahidi, maskini, lakini alikuwa baba wa bibi harusi na siku yenyewe nzuri, akashindwa. Alicheka mpaka akashika mlango na maua yakamwangukia.

"Praful aje kula harusi tu," alisema alipopata pumzi. "Kisha arudi Tanga." Akavua makubazi yake ya ngozi, akamsukumia Polycarp kwa mguu. "Vaa haya. Nyapara wangu hawezi kwenda pekupeku mjini."

"Ahsante, bwana," alisema Polycarp. "Lakini vyangu vipo. Naenda kuvikomboa."

Basi tukarudi na marikwama matupu, jua limekwisha kupanda, na lami ya Kichwele inaunguza. Polycarp alikuwa anarukaruka, mguu huu, mguu ule, Shaibu mbele yake haharakishi hata kidogo, Pantaleo anamwombea bei ipande, Mbaruku anapuliza filimbi. Tulipofika kwa muuza kahawa pale Mnazi Mmoja, Polycarp hakuketi. Alikuja kwangu mbio, nyayo zimemwiva, jasho linamtoka, meno yote nje.

"Mama, umeona?" aliniambia. "Wameniibia! Viatu vyangu, Mama, wameviiba!"

"Nimeona, baba," nikamwambia. "Hongera."